Sungura Asiyetoka Nje

Lunyo, 3 Machi 1951

Egesa, mjukuu wangu na mume wangu wa Tororo,

Nakusalimu wewe na wote unaokula nao, kama unakula, maana Oundo mchuuzi wa samaki anasema suruali inakushika kwa huruma tu. Sisi tu wazima. Mvua ilinyesha mara moja ikajuta, mtama umeota upande mmoja. Yule ng'ombe mwekundu amezaa dume, hasara tupu. Mdogo wako Loy haongei bado. Tangu tumzike mama yenu anajibu kwa kichwa. Anachota maji, anakula, analala. Basi.

Sasa hicho ulichotuma. Oundo alikileta kwa baiskeli ndani ya kapu lake la samaki, nikajua ni kuku mweupe. Nafungua kapu, kuku ana masikio! Sungura wa kwetu ni wa kahawia, anakimbia porini, na akikamatwa anaingia chunguni. Huyu mweupe mwenye macho mekundu kama mtu aliyetoka matangani ni wa kazi gani? Na barua yako ina maneno machache kama ya karani: "Ni wa Loy. Afugwe ndani ya nyumba. Asitoke nje kabisa." Ndani, Egesa? Mimi niliyetoa mbuzi ndani ya nyumba hii nilipobatizwa, leo nilale na sungura?

Ameingia chini ya kitanda changu na hatoki. Hali. Hanywi. Giza likiingia anapiga mguu chini, du! kama mtu anayebisha hodi. Nimeshaamka na panga. Nikimvuta kwa masikio anatetemeka mpaka meno yanagongana, na moyo wake unakwenda kama wa mwizi aliyezingirwa. Nimefuga wanyama tangu sijaota matiti, sijaona mnyama mwenye hofu hii. Ameona nini?

Au ni wa huyo daktari wenu? Watu wazima wenye suruali, mnafuga nzi, mnawalisha! Kanisani nimesema mjukuu wangu yuko kwa daktari. Habari ya nzi sikuitaja, nina heshima yangu. Niambie ametoka wapi.

Mimi bibi yako Benedeta, nimeandika kwa mkono wangu, sikumwomba mwalimu.


Tororo, 11 Machi 1951

Nyanya yangu,

Naweka salamu zangu miguuni pako. Huku mwamba wa Tororo uko palepale na mimi niko chini yake, mzima. Nakula vizuri, Oundo anapenda maneno. Pole kwa mtama. Msalimu Loy, mwambie nimemnunulia kitambaa cha gauni.

Nyanya, usimshike masikio tena, nakuomba. Ukimbeba, tia mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya matako, mbane kifuani kwako asiteleze. Lakini sasa usimbebe kabisa. Keti kwenye mkeka, nyamaza, usimtazame. Weka majani ya viazi karibu na goti, uendelee na kazi yako. Atakuja mwenyewe. Mpe mahali pa kujificha penye milango miwili, maana akiona mlango mmoja anaona mtego. Maji yawe kwenye bakuli zito. Mbwa asiingie. Loy akae naye kila siku saa ileile, apate kumzoea.

Akipiga mguu anawaonya wenzake kwamba kuna hatari. Hajui kwamba wenzake hawapo.

Daktari alisema hamhitaji tena, ndiyo maana nikamchukua. Kuhusu nje: kuna mbwa, kuna nguchiro, kuna jua. Hata mlangoni asikae. Na kule chini mnakochota maji, kwenye vichaka, asifike hata siku moja. Tafadhali, hilo ulishike.

Niandikie kama anakula na kama ananenepa au anakonda.

Mjukuu wako, Egesa.


Lunyo, 29 Machi 1951

Mume wangu,

Amani iwe kwako. Hapa kwetu hakuna aliyekufa isipokuwa mzee wa kule kwa jirani yetu Awor, na yule alikuwa anadaiwa na kaburi siku nyingi. Oundo alikawia na barua yako, tairi ilipasuka Busia akakaa kwa shemeji yake akinywa.

Umenifundisha kumkalisha mgeni. Mimi! Bibi harusi akiingia boma la watu hawamburuzi kwa masikio, hilo nalijua kabla hujazaliwa. Anawekwa nyuma ya pazia, hapewi amri, chakula kinasogezwa na watu wanageuza uso, mpaka njaa imshinde aibu. Nikaulaza mtungi wangu uliovunjika, nikautoboa na nyuma, nikauweka pembeni mbali na moshi. Akaingia. Nikaketi nikichambua wimbi. Siku za kwanza nilimwona pua tu, inacheza. Halafu masikio. Jumapili ya pili akatoka, akanusa kidole changu cha mguu, akajinyoosha kama mtu aliyetua mzigo. Majani ya viazi anamaliza, na ganda la ndizi anapenda. Kumbe akifurahi anaruka juu anajipinda hewani! Nilicheka peke yangu kama mlevi.

Lakini Egesa, huyu mnyama amenyolewa. Ubavuni na sikioni manyoya yamekatwa, na pale pana vidoti vidoti vyekundu vilivyokauka. Nani anamnyoa sungura? Tena juzi nilishika chekeche nichunge unga, nikapita karibu naye. Alilia. Sungura, Egesa! Alipiga yowe kama mtoto anayechomwa, akakimbilia mtungini akakaa humo mpaka kesho yake. Chekeche lina nini? Nakuuliza na utajibu.

Sasa nikupe la kukufurahisha. Loy anaongea. Si na mimi. Anaongea na sungura. Amempa jina, anamwita Mgeni. Nilimsikia akimwambia, "Usiogope, mimi ndiye wa hapa." Nikaenda nyuma ya nyumba nikashika ukuta. Wanalala blanketi moja sasa. Na akienda kuchota maji anamtia kapuni anakwenda naye, akale majani mabichi kule kivulini. Umesema asifike huko. Wewe uko Tororo. Mtoto amekaa bubu tangu mazishi, sitamfunga mdomo tena kwa ajili ya nguchiro wako.

Benedeta.


Tororo, 2 Aprili 1951

Nyanya,

Mimi mzima. Oundo anangoja nje, naandika upesi.

Watenganishe leo. Sungura akae ndani, kwenye chumba chako, dirisha lizibwe na gunia. Loy asilale naye. Asiende naye majini tena, na wewe pia usiende kule jua likiwa kali, teka asubuhi na umande.

Mshike Loy nyuma ya shingo, hapa chini ya nywele, pande zote mbili. Bonyeza polepole. Niambie kama kuna vitu vidogo kama punje za njugu. Niambie kama anapata homa inayokwenda na kurudi. Niambie kama analala mchana.

Nijibu kwa Oundo huyuhuyu.

Egesa.


Lunyo, 30 Aprili 1951

Egesa,

Tumepata barua. Mvua imekuja. Tunapalilia.

Loy hayupo. Amekwenda kutembea kwa watu. Usiulize watu gani.

Sungura yuko peke yake na amerudi mtungini. Hali. Anapiga mguu.

Umeniambia nibonyeze shingo ya mtoto. Nilifikiri wewe ni mjukuu wangu, kumbe nililea mkono wao. Usije hapa. Ukija utakuta nyumba imefungwa.

B.


Tororo, 4 Mei 1951

Nyanya yangu,

Sijui kama utaifungua hii. Nimemwambia Oundo akae mlangoni kwako mpaka uifungue, hata akipigwa.

Nilikuficha jambo. Hapa tunafuga mbung'o, yule nzi anayeleta malale, ugonjwa wa usingizi. Nzi lazima anyonye damu, basi tunamnyoa sungura, tunambana, tunamwekea kisanduku chenye wavu ubavuni, nzi wanamnyonya kupitia matundu. Ndiyo maana chekeche linamliza. Kuna banda la sungura wazima, na kuna banda la wale ambao nzi wao wana ugonjwa. Siku tulipoosha mabanda walitolewa wote wakachanganyika uani, na vibandiko viwili vya masikio vilikuwa vimeng'oka. Daktari akasema wasio na vibandiko wauawe wachomwe. Nilipewa mimi kazi hiyo. Mmoja nilimchoma. Wa pili alinitazama, nikamkumbuka Loy anavyotazama, nikamtia kapuni.

Sijui alitoka banda gani. Hilo ndilo linaloninyima usingizi tangu Machi. Nilijidanganya kwamba akikaa ndani hatadhuru mtu, kwa sababu kulala naye hakuambukizi. Lakini mbung'o wako huko kwenu majini. Akimuuma sungura mgonjwa, akikaa siku zake, akamuuma Loy, basi.

Nimemwambia daktari kila kitu. Ameninyang'anya funguo. Sina kazi, Nyanya, sina uso wa kuwaonyesha watu. Sijali. Najua umembonyeza Loy na najua umekuta nini, maana usingekuta kitu ungenitukana kurasa mbili.

Najua pia kwa nini umemficha, ingawa hukunisimulia kamwe. Lakini sasa kuna sindano. Nimewaona wakirudi nyumbani kwa miguu yao. Kuna mmoja, Emojong, mchuuzi wa ng'ombe, huja soko la Busia. Alibebwa kwa machela mwaka jana. Mtafute umwone. Ikiwahi inapona. Ikichelewa inaingia kichwani, na hapo hata daktari anavua kofia.

Mlete. Nakuomba kwa jina la mama yetu.

Egesa.


Lunyo, 15 Mei 1951

Egesa,

Oundo alikaa mlangoni kweli. Nilimmwagia maji, hakuondoka. Ndipo nikasoma.

Nisikilize, nitasema mara moja. Nilikuwa mke mpya, nina mtoto mgongoni, baba yako. Walikuja watu na vitabu, wakatupanga, wakatushika shingo mmoja mmoja. Dada yangu Nabwire alikuwa mbele yangu. Walimbonyeza, wakamtia alama mkononi, wakamwambia simama kule. Mimi wakaniambia simama huku. Hakuna aliyesimama kule akarudi. Walipelekwa kambini, na sisi tukaambiwa tuache nyumba na pwani ya ziwa na makaburi. Mume wangu shingo yake ilianza baadaye. Nilimficha ghalani. Nilimficha vizuri sana, Egesa, mpaka akawa anakula udongo na kucheka. Hakuna aliyemchukua. Alifia mikononi mwangu, na watu wakaniita mwerevu.

Basi Loy nilimkuta na punje. Mbili kulia, moja kushoto. Jioni anawaka homa, asubuhi amepoa. Nilimpeleka Buhehe kwa watu wa mama yangu, nikawaambia wamweke chumba cha ndani na wasiseme. Nilikuwa nangoja nini? Sijui. Miguu yangu ndiyo ilikumbuka, kichwa hakikuulizwa.

Jumanne nilikwenda Busia sokoni. Nikauliza Emojong ni yupi. Nikamwendea kati ya ng'ombe wake, nikamshika shingo bila salamu. Akaruka, "Mama, wewe ni mchawi?" Watu wakacheka. Nikamwambia, "Tulia, mtoto wa watu, nikushike tu." Nikambonyeza kote kote. Ngozi tupu na jasho. Nikamuuliza siku ya wiki, akanijibu. Nikamuuliza bei ya fahali, akanidanganya kama mtu mzima kabisa. Nikakaa chini palepale kwenye mavi ya ng'ombe.

Nimetuma Loy aletwe. Ijumaa tunapanda lori la pamba kutoka Busia. Sungura naye anakuja, wampime, nijue ni nani aliyenila. Ngoja barabarani, usijifiche nyuma ya mti kwa aibu. Utatukanwa ukishamshika mtoto.

Benedeta.


Tororo, 2 Juni 1951

Nyanya yangu,

Natumaini ulifika nyumbani na miguu haikuvimba. Matusi yako bado nayachambua moja moja, mengine sijaelewa, nitamuuliza Oundo. Nalala baraza ya wodi, wananiruhusu kwa sababu nafagia.

Loy anachomwa sindano kila baada ya siku kadhaa. Ya kwanza alitapika, ya pili alinitazama kama nimemuuza. Nikadhani amerudi bubu. Baada ya ya tatu homa haikuja. Tukangoja jioni, haikuja. Leo amemwambia muuguzi, kwa sauti, kwamba uji wake una chumvi nyingi. Daktari anasema bado haijafika kichwani. Akimaliza sindano zote ataishi. Neno hilo nimeliandika polepole, lisome hivyohivyo.

Sasa jambo lingine. Walimpima sungura, damu yake ikawekwa chini ya kioo mara nyingi, na panya wakadungwa damu hiyo wakangojewa. Yuko safi. Hana kitu, Nyanya. Alikuwa wa banda la wazima. Loy hakupata kwake. Daktari ameniuliza mara tatu mnachota maji wapi. Wale mbung'o wa vichaka vya majini wana ugonjwa tayari, wenyewe, bila sungura wa mtu. Umechota pale, Awor anachota pale, kijiji kizima.

Wanataka kuja Lunyo kupima watu. Serikali itatuma askari, na najua watu wakisikia askari wa shingo watavuka mpaka wa Kenya usiku huohuo, na wagonjwa wao mgongoni. Daktari ameniuliza kama yuko mtu huko ambaye watu watamsikia. Sikutaka kutaja jina lako kabla sijakuuliza.

Sungura anakuja na Oundo. Safari hii nimemfunika kwa kitambaa chembamba, apumue; nawe umwachie mtungi wake palepale alipouacha.

Egesa.


Lunyo, 24 Juni 1951

Egesa, mume wangu,

Mwambie Loy uji wa hospitali si wa kuonja, ni wa kumeza. Mwambie Mgeni amefika. Kwa siku mbili alikaa mtungini akinionyesha matako, kisha akatoka kwa hasira zake, akala nusu ya ukili wangu wa kushonea mkeka. Sasa analala ubavu, miguu nyuma, kama mzee wa baraza. Mlango uko wazi na hauendei.

Ungetaja jina langu hapohapo. Ungewachelewesha kwa adabu, watu wafe?

Nilipita nyumba kwa nyumba kabla askari hawajapanga safari. Nilisema, "Mimi nilimficha mume wangu mkamzika ninyi. Nilimficha Loy, na angekufa." Wengine walifunga milango. Kwa Awor niliingia bila hodi. Mumewe ameketi na tonge la ugali mkononi, amelala, macho wazi kidogo. Mchana kweupe. Awor akasema, "Amechoka na kulima." Nikamwambia halimi tangu Pasaka, sote tunaona shamba. Akanitemea mate, Egesa. Yapo hapa kwenye kanga, sijayafua. Akasema nimeuza wajukuu wangu kwa wazungu na sasa nauza waume za watu. Nikamwambia wapimaji wakija nitakuwa mbele ya mstari. Nikibaguliwa nisimame kule, amrudishe mumewe ndani.

Walikuja. Meza, vioo, watu wa khaki. Kijiji kilisimama mbali kama ng'ombe waliosikia fisi, na wengine walikuwa tayari na mizigo kichwani, uso umeelekea Kenya. Yule kijana wa khaki alikuwa na mikono baridi, na aliponigusa chini ya nywele nilimwona Nabwire mbele yangu, mgongo wake, shanga zake. Sikukimbia. Akabonyeza kulia, akabonyeza kushoto, akarudi kulia. Akanidunga kidole, akaweka damu kwenye kioo, akaandika. Hakuniambia simama kule wala simama huku. Alisema, "Keti hapa, mama," akanipa kigoda.

Nilipogeuka Awor alikuwa nyuma yangu, mumewe mgongoni. Nyuma yake kulikuwa na watu.

Mume wa Awor yuko njiani kwa lori, mpokee. Hajui siku, usimcheke. Damu yangu imekwenda pamoja naye. Yule kijana wa khaki atarudi Ijumaa na karatasi, asome majina ya wagonjwa mbele ya wote. Nilimuuliza kwa nini alirudi kulia. Alifunga sanduku lake.

Nikiitwa, nitapanda lori mchana, nimevaa gauni la Krismasi. Mtandikie Loy upande wa ukutani, mimi nitalala upande wa mlango. Sungura nitamwachia Oundo, nimeshamfundisha: asimshike masikio, aketi, anyamaze, angoje.

Ni mimi Benedeta, wa kwanza kwenye mstari.